Tarbushi Yangu Iko kwa Bibi Tatu

Tangu niteremke kwenye lori pale Kariakoo kichwa wazi, kila mtu ananiuliza swali moja: tarbushi iko wapi? Nikianza kueleza barazani hamnipi nafasi. Huyu anaingiza kisa chake, yule anasema niliiuza, na fundi cherehani wetu ameshaeneza mtaa mzima kwamba nililewa tembo, tarbushi ikaliwa na mamba. Basi nimeona niandike. Asiyejua kusoma asomewe, na anayesoma asitie chumvi yake. Mambo ya barua za ruhusa na kufunga mizigo nayaruka, hayana utamu. Jueni tu kwamba nimerudi salama, na usingizi ninaoulala siku hizi ni wa mtu aliyetua mzigo kichwani.

Dar es Salaam mpaka Kibiti

Nilikwenda kama karani na mkalimani wa Bwana Misitu, Mzungu kijana aliyetumwa kukagua mikandaa ya Delta ya Rufiji, ile miti ya kwenye maji ya chumvi inayokatwa boriti. Watu walikuwa wameshampa jina, Bwana Kicheko, maana alipenda mzaha kuliko chai. Mzaha wake ulikuwa na kanuni moja: yeye huanza, sisi humaliza kwa kucheka. Alipocheka tulicheka kwanza, kisha ndipo tukaulizana amesema nini. Simsemi kwa ubaya. Hakuwa mtu wa matusi wala wa kupiga watu. Ila aliamini kabisa kwamba tunacheka kwa sababu anachekesha.

Lori lilizama mchangani mara tatu kabla ya Mkuranga. Dereva alikuwa Mzaramo, na aliposikia kwamba mimi ni Mnyamwezi wa Tabora alizima injini, akashuka, akafungua kikapu changu mbele ya macho yangu, akatoa mkate niliofungiwa na mke wangu, akaketi kivulini akala.

"Sukuma, mtumwa wangu," akaniambia huku anatafuna. "Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani, wewe gari tu linakushinda?"

Ninyi mnajua, lakini barazani petu siku hizi kuna wageni, kwa hiyo nieleze. Sisi Wanyamwezi ni watani wa watu wa pwani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi, kukupaka matope siku ya arusi yako. Hata msibani huruka ndani ya kaburi kabla maiti hajashushwa, akalala humo chali, akakataa kutoka mpaka wafiwa wambembeleze. Ni mwiko kununa. Siku yako ikifika nawe unamlipa vilevile, na mtani huyo huyo ndiye atakayekuchimbia kaburi wakati ndugu zako hawajiwezi kwa kilio.

Hayo yote niliyajua. Lakini nimekaa mjini miaka mingi, nimezoea kuitwa Bwana Karani, navaa kanzu iliyopigwa pasi, koti, viatu vya ngozi, na tarbushi nyekundu ya Unguja ambayo nyote mliionea wivu, msikatae. Nilisukuma lile lori kwa hasira. Dereva akanitazama, akaacha kutafuna.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "huko mjini wamekufanya nini?"

Tuliingia Kibiti jua limeshapinduka, tukala wali na kunde kwa mwenye duka mmoja Muhindi. Bwana Kicheko akamhadithia mzaha wa kasuku, mrefu kweli. Muhindi alicheka kwa meno tu, macho yakabaki yanamtazama Bwana usoni kujua kama kicheko kimetosha.

Mtawanya na Ruaruke, kwa miguu

Kutoka Kibiti tulikwenda kwa miguu na wapagazi wanane na askari wawili. Mvua ilituzuia Mtawanya siku nzima, kwa mkulima aliyetupokea vizuri sana. Tulikula mihogo ya kuchemsha, mchicha wa nazi, na kuku aliyechinjwa kwa ajili ya Bwana. Bwana alifurahi, akataka kuwafurahisha wenyeji. Akakikalia kiti walichokiazima kwa jirani, kisha akajifanya kuanguka nacho, miguu juu, kofia kule.

Hakuna aliyecheka. Mgeni kuanguka nyumbani mwako ni aibu yako, na mgeni wa serikali ni balaa. Mama mwenye nyumba alipiga kelele akaja na mtungi, akammwagia maji ya baridi kichwani. Mumewe alimshika miguu ili asijiumize, maana walidhani ni kifafa. Wakaanza kumsomea dua. Mimi nilisimama pale kinywa wazi, nikawaza nitalitafsiri vipi hili. Bwana alipofaulu kusimama, ameloa chapachapa, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini watu hawa hawana ucheshi. Nikamwambia wamechoka na mvua.

Tulipopita Ruaruke tukafika kwenye kijito cha kupandia mitumbwi, wapagazi walinunua kaa wa kitoweo. Asubuhi nilipotia mguu kiatuni, mmoja wa kaa hao alikuwemo, mzima, na gando lake lilinishika kidole gumba. Nilianguka kifudifudi. Bwana Kicheko alitoka nyuma ya hema akicheka hadi machozi, akanipiga bega, akasema ni mzaha waliokuwa wakifanyiana shuleni kwao. Wapagazi wakacheka. Nami nikacheka, tena zaidi ya wote. Kidole kilivimba, kwa hiyo nilipanda mtumbwi na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Ndani ya mikandaa

Mle ndani anayepanga safari ni maji. Yakipwa unakaa juu ya tope na mtumbwi wako, unatazama kaa wakitembea, unangoja. Tulingoja tangu asubuhi hadi alasiri. Mwenye mtumbwi, Mbwana, alituchomea samaki juu ya makumbi ya nazi, wapagazi wakamsimulia habari ya kaa kiatuni, wakacheka upya. Mimi nikajifanya nimelala.

Maji yalipojaa tukaingia kwenye kijiji cha wakata boriti. Nilivaa kiatu cha pili kwa maumivu, nikaweka tarbushi sawa, nikashuka. Watu walikuwa wamekusanyika pwani. Mwanamke mmoja mzee, mfupi, kanga kiunoni, tope hadi magotini, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia, kwa sauti ya mjini, kwamba mimi ni Mnyamwezi.

"Mnyamwezi!" Akajipiga kofi mapajani. "Wanawake, njooni! Miye nimempata leo!"

Huyo ndiye Bibi Tatu. Kabla sijapepesa macho, tarbushi ilikuwa mkononi mwake na konzi ya tope iko kifuani pangu, nyingine mdomoni. Wanawake wanne wakanishika, yeye akanifunga kwa kamba ya makumbi kwenye rundo la boriti, akazunguka mara tatu, vigelegele vikawa juu.

"Babu yake huyu," akatangaza, "alikula mpunga wa baba yangu msimu mzima, akaahidi kurudi na asali ya Tabora! Miye nangoja toka sina meno, nikaota meno, meno yameng'oka, asali haijaja! Mtu wangu huyu, hatoki hapa!"

Watu walicheka hadi kukaa chini. Nilitakiwa nifanye nini? Nimtukane, nidai mpunga haukuiva, niombe kukombolewa kwa kuku, tucheke, tule. Hata kichaa wa Tabora angejua. Mimi nilikaa kimya, kidole kinapwita, tope linaniingia puani, na jambo pekee nililoliona ni kanzu yangu.

Bwana Kicheko alikuja mbio na bunduki. Nilimwona usoni, alikuwa ameogopa kwelikweli. Aliona mtumishi wa serikali amefungwa na kundi la watu linapiga kelele. Akaniuliza, "Karani, amekudhuru?"

Ningesema "Hapana, Bwana, ni mtani wangu," yangeishia pale. Nilitazama chini, nikanyamaza.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa nimeaibishwa mara mbili katika siku moja, na nilitaka mtu mmoja aadhibiwe kwa ajili yangu. Bwana sikumweza. Bibi nilimweza. Nasema waziwazi kwa sababu naona haya hadi leo.

Bwana alielewa kimya changu alivyotaka. Akaamuru askari wetu wawili wamkamate Bibi Tatu kwa kumshambulia mtumishi wa serikali na kuiba tarbushi. Bwana Shauri wa wilaya alikuwa anakuja Kibiti kusikiliza kesi, basi na apelekwe huko. Nilijua maana yake. Akipatikana na hatia atapelekwa gerezani, na kwa umri ule huenda asirudi kuona mikandaa yake.

Kurudi na Bibi Tatu

Ndani ya mtumbwi alikuwa bado ananitania. Aliniuliza kama askari wawili wanamtosha Mnyamwezi au niongezewe mwanamke wa tano. Alidhani bado tunacheza. Alidhani, alivyoniambia baadaye, kwamba mimi ndiye niliyebuni mchezo wa askari ili kumlipa, na akaona nimemlipa vizuri.

Tulipofika Ruaruke nilijaribu kusema na Bwana. Nikamwambia lilikuwa jambo la mila. Akanitazama kwa huruma, akasema anajua ninaogopa kurogwa, nisiwe na wasiwasi, serikali itanilinda. Nikanyamaza tena.

Bibi Tatu alikuwa amesimama hapo, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakujua Kiingereza lakini uso wangu aliusoma. Alijifunga kanga vizuri, akanisogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Karani," akasema.

Mwanamke wa umri wa bibi yangu! Nilitaka ardhi inimeze. Tangu hapo, njia nzima ya Mtawanya, hakunitania hata neno. Akitaka maji, "Naomba maji, Bwana Karani." Nikimpa mhogo, "Ahsante, Bwana Karani." Ninyi mnaopenda kuheshimiwa, muombe Mungu msiheshimiwe hivyo. Mtani akianza kukupa heshima, ameshakufukuza. Wapagazi nao walizungumza kwa sauti ya chini, na usiku ule sikula.

Barazani Kibiti

Bwana Shauri alikuwa mtu mzima mwenye upara, amehamishiwa wilayani mwezi ule ule, na Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu. Kando yake aliketi Liwali, mzee wa kanzu nyeupe na joho. Karani wa baraza alikuwa anaumwa homa, kwa hiyo nikaambiwa nitafsiri mimi. Nikawa mlalamikaji, shahidi na mkalimani, kichwa wazi, kanzu yenye madoa ya tope yasiyotoka.

Bwana Kicheko alieleza alichokiona, wala hakusema uongo. Kisha Bwana Shauri akamwuliza Bibi kama alinifunga.

"Nilimfunga," akasema.

"Kwa nini?"

"Ni mtani wangu."

Nikatafuta Kiingereza chake sikukipata. Nikasema ni mtu ambaye mila inamruhusu anifanyie mzaha wowote, na mimi nimfanyie yeye, bila kukasirika. Bwana Kicheko akainuka. Mzaha una mipaka, akasema, na karani mwenyewe hakucheka hata kidogo. Bwana Shauri akaniagiza nimtafsirie Bibi hilo, nami nikamtafsiria.

Bibi Tatu akafikiri kidogo.

"Kweli hakucheka," akasema. "Hebu niulizieni Bwana huyu. Alipomtia kaa kiatuni, karani alicheka?"

Bwana Kicheko akashangaa kwamba habari imemfikia. Akajibu ndiyo, alicheka sana.

"Basi miye nimemfunga, hakucheka. Kesho angeweza kurudi kwangu, akanifunga miye kwa kamba ile ile mbele ya wajukuu zangu, na watu wangu wangempigia vigelegele. Bwana alimtia kaa, akacheka sana. Haya, Bwana Karani, muulize: weye siku yako ya kumtia Bwana kaa ni ipi?"

Liwali alianza kutazama dari kana kwamba kuna popo.

Na hayo ndiyo maneno niliyotakiwa kuyapeleka kwa Kiingereza. Nani angejua kama ningeyalainisha? Ningesema "anaomba msamaha" na pengine angesamehewa, nami nikabaki na kazi yangu. Nilimtazama Bibi Tatu. Alikuwa ameshika ukingo wa kanga, anaukunja na kuukunjua, jambo ambalo safari nzima sikuliona. Nikayatafsiri yote, kaa, kamba, vigelegele, na swali la mwisho kama lilivyo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia majini, nikaongeza langu. Nikasema, "Bwana, nilipoulizwa kama nimedhurika nilinyamaza, na kimya changu kilikuwa uongo. Nilikuwa na hasira ya kaa. Huyu bibi hakunitendea kosa."

Bwana Shauri akamgeukia mwenzake, akamwuliza kama habari ya kaa ni kweli. Bwana Kicheko akawa mwekundu hadi masikioni, akasema ni kweli. Bwana Shauri akainua karatasi akaficha mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Liwali akakohoa ndani ya joho lake. Sisi wengine hatukucheka. Hicho kilikuwa kicheko cha wakubwa wao kwa wao.

Alipojituliza akaniuliza, "Na tarbushi? Unaidai?"

Ningesema ndiyo, lingebaki shtaka la wizi. Nikasema, "Siidai, Bwana. Iko mahali pake."

"Kesi imekwisha," akasema. "Aende nyumbani."

Nje ya baraza

Ningeweza kusherehekea, lakini bado. Bibi Tatu alitoka akasimama juani, akaniinamia. "Ahsante, Bwana Karani. Mungu akuweke."

Nikaona kwamba gereza limeondoka lakini mimi bado nimefukuzwa. Watu walikuwa wengi, wapagazi, askari, wenye kesi, hata Muhindi wa duka. Mtu wa mjini, karani, mwenye watoto wanaosoma, nikapaza sauti mbele ya wote:

"We bibi! Hiyo miguu hata kuingia mbele ya hakimu hukuiosha? Hilo tope si la juzi, hilo ni la tangu enzi za Mjerumani! Mpunga wa baba yako ulikuwa mchanga mtupu, babu yangu alirudi Tabora hana meno, hiyo asali angeionjaje kabla ya kuileta?"

Aliniangalia hadi nikadhani nimeharibu kabisa. Halafu kifua chake kikaanza kupanda na kushuka, akacheka, akashika mbavu, akaketi chini palepale mchangani.

"Kumbe ana mdomo!" akapiga kelele. "Mnyamwezi ana mdomo! Nikadhani wamemkata huko Dar es Salaam!"

Machozi yalinitoka, nami sikuyaficha. Alinishika mkono nimwinue, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile ulinyamaza kwa nini, mjukuu wangu?"

"Nilikuwa na hasira, bibi. Nikaona wewe ndiye ninayekuweza."

Akatikisa kichwa. Akafungua furushi la kanga alilolibeba tangu Delta, ambalo askari waliona haya kulipekua, na ndani yake ilikuwamo tarbushi yangu, safi, hata shada lake halijapinda.

"Faini yako," akasema. "Kwanza asali ya babu yako. Pili, hii naiweka. Siku nikifa watakuletea habari. Utakuja, utaruka kaburini mwangu, utalala chali, utakataa kutoka mpaka wakurudishie. Usipokuja, wallahi nitazikwa nayo."

Nikamwambia kaburi lake litakuwa fupi, miguu yangu itatoka nje. Akanipiga kibao cha mgongo, akaondoka kuelekea Ruaruke na Mbwana mwenye mtumbwi, aliyekuwa ametufuata hadi Kibiti, tarbushi kichwani juu ya kanga.

Kibiti mpaka nyumbani

Kazi ninayo bado. Bwana Kicheko hakuniambia neno siku mbili, kisha akaomba nihamishiwe ofisi nyingine, na ofisi hiyo haina safari wala kaa. Tulipoagana alininyooshea mkono, akaniambia hakuwahi kufikiri kwamba kidole kiliuma. Nikamwambia kiliuma sana. Ndiyo mara ya kwanza kumjibu bila kucheka.

Dereva alikuwa yule yule Mzaramo. Safari hii lori lilipozama nilikimbilia mbele, nikachukua chungu chake cha wali wa nazi, nikaketi kivulini. "Sukuma," nikamwambia. Alisukuma huku akiimba.

Asali nimeshamtumia Bibi Tatu, kibuyu kizima. Jibu limeletwa jana na dereva: asali imefika, ni chungu kama aliyeituma, na tarbushi haitoki. Kwa hiyo msiniulize tena. Siku mtakayoniona nimeivaa, mjue natoka kumzika, na mnipe pole kabla ya salamu. Mungu aiweke mbali siku hiyo. Kichwa wazi kinanitosha.